Chicago kwa treni ya mstari mwekundu, na swali nililorudi nalo Goma

Tangu niweke zile picha tatu za Chicago hapa, maswali ni mengi. Viza ulipata namna gani? Inaomba pesa ngapi? Baridi ni kweli? Ulikutana na Wakongomani? Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka. Basi leo nieleze yote pamoja, juu kuna jambo moja ambalo picha hazikuonyesha, na hilo njo lilinifanya niandike.

Nilienda mwezi wa Oktoba 2022, kwa mafunzo ya wiki mbili. Mafunzo yaliisha kila siku saa nane, na kuanzia hapo muda ulikuwa wangu. Kwa hiyo hapa hamsomi maneno ya mtu aliyeishi Marekani. Ni maneno ya mgeni aliyekuwa na daftari, viatu vizuri na karte ya treni.

Kwanza, unafika namna gani

Ambasade ya Marekani iko Kinshasa. Maana yake, sisi wa Goma, kabla ya kuwaza tiketi ya Chicago, tunawaza tiketi ya Kinshasa, kwenda na kurudi, na fasi ya kulala. Fomu inaitwa DS-160, inajazwa kwenye intaneti. Wakati wangu ada ya viza ya mgeni ilikuwa dola 160. Tangu Juni 2023 ilipanda hadi dola 185. Hiyo pesa hairudi, hata ukikataliwa.

Mahojiano ni ya dakika chache tu, umesimama mbele ya dirisha. Kitu ambacho wengi hawaelewi ni hiki: sheria yao inaanza kwa kudhani kwamba wewe unataka kubaki kule. Si wao wanaopaswa kuonyesha kwamba utabaki. Ni wewe unayepaswa kuonyesha kwamba utarudi. Kazi, masomo, familia, kitu kinachokuvuta nyumbani. Jibu kwa ufupi, sema ukweli, na usinunue barua ya mwaliko kwa mtu yeyote mjini. Karatasi moja ya uongo inaweza kukufungia mlango kwa maisha yote.

Ukishuka kwenye uwanja wa ndege wa O'Hare, usikimbilie taksi. Chini ya uwanja kuna treni, mstari wa bluu, inatembea saa 24 mpaka katikati ya mji. Wakati ule nililipa dola 5 kutoka uwanja wa ndege, na safari za kawaida mjini zilikuwa dola 2 na nusu. Nilinunua karte inayoitwa Ventra, nikaweka tiketi ya siku 7 kwa dola 20, nikazunguka mpaka nikachoka mwenyewe. Kwa bajeti ya mwanafunzi, hiyo njo siri ya kwanza: katika Chicago unaweza kuona mji mzima bila kupanda gari ya mtu.

Mji wenyewe ni wa nani?

Chicago iko kando ya Ziwa Michigan. Lile ziwa lina kilomita za mraba karibu 58,000. Kivu yetu ingeingia mule zaidi ya mara 20. Ukisimama ufukweni huoni ng'ambo, unaona maji na mbingu tu, na upepo unakuingia mpaka kwenye mifupa. Lakini nilipoona ziwa nyuma ya majengo, nilijisikia nyumbani kidogo. Mtu wa Goma amezoea kujua ziwa liko upande gani.

Jina la Chicago linatoka kwa wenyeji wa asili; lilikuwa jina la kitunguu cha porini kilichoota kando ya mto. Mgeni wa kwanza anayejulikana kujenga pale na kukaa, katika miaka ya 1780, alikuwa mtu mweusi, mfanyabiashara Jean Baptiste Point du Sable, na mke wake alikuwa wa kabila la Wapotawatomi. Leo barabara kubwa ya kando ya ziwa inabeba jina lake, tangu 2021. Wapotawatomi wenyewe walitia sahihi mkataba mwaka 1833, wakaacha ardhi yao ya mwisho pale, wakasukumwa kwenda magharibi. Miaka minne baadaye Chicago ikawa mji rasmi.

Halafu moto. Mnamo Oktoba 1871 moto uliwaka siku mbili, ukala sehemu ya tatu ya mji. Watu karibu 300 walikufa, na karibu 100,000 walibaki bila nyumba. Niliposoma hayo maneno nilikumbuka tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka na lava ikapita katikati ya Goma mpaka ziwani, na sisi watoto tukavuka kwenda Gisenyi tumebeba vyungu kichwani. Wale wa Chicago walisukuma kifusi cha moto ndani ya ziwa, na sehemu ya bustani yao kubwa, Grant Park, imelala juu ya kifusi hicho. Sisi tulijenga kuta kwa mawe yale yale yaliyotuunguza. Miji inayoungua inafanana.

Kwa nini ninasema hayo yote? Juu mji uliojengwa upya unahitaji mikono. Wakaja Waairishi, Wajerumani, Wapolandi, Wacheki, Waitaliano, halafu Wamexico, Wachina, Wahindi na wengine. Na watu weusi wa kusini mwa Marekani, ambao nitarudi kwao. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 2,746,388 ndani ya Chicago. Weupe ni karibu sehemu ya tatu, weusi karibu sehemu ya tatu, wenye asili ya Amerika ya Kusini na Mexico karibu sehemu ya tatu, na wenye asili ya Asia karibu 7 kwa mia. Hakuna kundi moja linaloweza kusema: sisi njo wengi.

Kwenye karatasi, huo ni mji wa mchanganyiko kamili. Mimi pia nilifikiri hivyo, mpaka nilipopanda treni.

Upande wa kaskazini: chakula na Swahili yetu

Kuna mstari mwekundu unaopasua mji kutoka kaskazini mpaka kusini, kilomita kama 35, kutoka kituo cha Howard mpaka kituo cha 95th. Ukitaka kuielewa Chicago kwa siku moja, panda huo mstari mwanzo mpaka mwisho.

Jumamosi ya kwanza nilienda kaskazini. Karibu na kituo cha Argyle kuna maduka ya Wavietnamu, na supu yao ya tambi inakuondolea baridi yote. Nikachukua basi mpaka barabara ya Devon. Pale Wahindi na Wapakistani wanauza sari, dhahabu, viungo na mikate ya moto. Kipande kimoja cha barabara kimepewa jina la heshima la Gandhi, kipande kingine jina la Jinnah, baba wa Pakistani, na kingine jina la Golda Meir wa Israeli. Viongozi ambao mataifa yao yalipigana, hapa wamegawana barabara moja, na watu wananunua nyanya kwenye kila kipande.

Karibu na Howard, katika kartie inayoitwa Rogers Park, niliingia duka dogo la vyakula vya Afrika. Kulikuwa na sombe ndani ya friji, makayabo, unga wa bugali, mafuta ya mawese. Mama wawili walikuwa wanazungumza mbele ya mizani, na masikio yangu yakasimama.

“Jambo mama. Ile Swahili ni ya kwetu.”

“Eh! Uko wa wapi, mutoto wangu?”

“Niko wa Goma.”

“Goma fasi gani?”

“Ndosho.”

Mmoja akacheka mpaka akashika ukuta. Alitoka Masisi mwaka 2007 wakati wa vita, akakaa kambini Uganda miaka tisa, akaletwa Chicago na watoto wanne. Hakuwa peke yake kwenye hiyo njia. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Congo yetu, kuliko kutoka nchi nyingine yoyote mwaka ule.

Sasa nikubali kosa langu. Aliposema Masisi, swali lingine lilipanda mpaka kwenye ulimi wangu. Munalijua hilo swali. Masisi, ndiyo, lakini wa watu gani? Nilikuwa nimefungua mdomo. Yule mama aliniona, na hakunipa nafasi.

“Hapa tunaambiaka watu tuko Bakongomani. Inatosha.”

Akaniongezea andazi moja bila kulipisha, akageuka kumhudumia mteja mwingine. Nilitoka nje na lile andazi mkononi, na aibu.

Upande wa kusini: mstari usioonekana

Pale tulipolala, mtu mmoja alikuwa ametusaidia na ramani siku ya kwanza. Kwa kalamu alizungushia katikati ya mji na kaskazini: huku muende, huku muende. Halafu akapiga mstari chini ya katikati, akasema kwa upole kabisa kwamba kusini ya hapo mgeni hana sababu ya kwenda. Hakusema neno baya juu ya mtu yeyote. Alipiga mstari tu.

Jumapili nilipanda treni kuelekea kusini. Katikati ya mji behewa lilikuwa na watu wa kila rangi. Kwenye kituo cha Roosevelt weupe wengi walishuka. Kwenye Cermak-Chinatown wakashuka Wachina na mifuko yao ya soko. Kwenye kituo cha 35th, ambapo kuna uwanja wa michezo, wakashuka wengine. Niliendelea mpaka 47th kuona tu. Milango ilipofunga pale, niliangalia mbele na nyuma: kila mtu aliyebaki ndani alikuwa mweusi. Hakuna askari aliyesimama kwenye mlango. Hakuna kibao. Hakuna mtu aliyefukuzwa. Lakini watu walishuka kama maji yanavyofuata mfereji, na mfereji mtu aliuchimba.

Nani aliuchimba? Nieleze polepole, juu hapa njo kuna somo.

Tangu karibu mwaka 1916 mpaka 1970, Wamarekani weusi kama milioni 6 walihama kutoka majimbo ya kusini, wakikimbia njaa ya mashamba ya pamba, sheria za ubaguzi na mauaji ya kunyongwa. Wengi walipanda treni kutoka Mississippi moja kwa moja mpaka Chicago, kutafuta kazi kwenye machinjio na viwanda vya chuma. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na weusi karibu 44,000. Mwaka 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja.

Mji ulitaka mikono yao, lakini haukutaka wawe majirani. Walibanwa katika ukanda mmoja mwembamba upande wa kusini. Tarehe 27 Julai 1919 kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa anaogelea ziwani na wenzake juu ya mbao. Mbao zikasukumwa na maji, zikapita mstari ambao hakuna mtu aliyeuchora, kati ya ufuko wa weusi na ufuko wa weupe. Mtu mmoja mweupe alirusha mawe, kijana akafa ndani ya maji. Vurugu za siku zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na weupe 15. Mstari juu ya maji, wandugu. Maji hayashiki hata alama ya kidole.

Baadaye mistari ikaandikwa kwenye karatasi. Njia ya kwanza ilikuwa hati za nyumba: wenye nyumba wa mtaa mmoja walikubaliana kwa maandishi kwamba hakuna atakayeuzia wala kupangishia mtu mweusi. Mahakama zilisimamia mikataba hiyo mpaka 1948, Mahakama Kuu ya nchi ilipokataza. Njia ya pili ilikuwa ramani. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilipaka miji rangi nne: kijani, bluu, manjano na nyekundu. Nyekundu ilikuwa na maana ya hatari, na fasi walipokaa weusi ilipakwa nyekundu. Hata ukiwa na kazi nzuri na mshahara, ukikaa ndani ya nyekundu, mkopo wa kununua nyumba hupati.

Njia ya tatu ni ile ambayo mtu yeyote aliyewahi kununua parseli Goma ataielewa haraka. Kwa kuwa benki zilikataa, weusi wengi walinunua nyumba kwa mkataba wa kulipa kila mwezi kwa muuzaji mwenyewe. Bei ilikuwa imepandishwa, mara nyingine zaidi ya mara mbili ya bei ambayo muuzaji alinunulia. Na hati ilibaki kwa muuzaji mpaka dola ya mwisho. Ukikosa malipo ya mwezi mmoja tu, nyumba inarudi kwake, na yote uliyolipa yamepotea. Yeye anauzia mwingine, vilevile. Mwaka 1968 wanunuzi wa namna hiyo katika kartie ya Lawndale waliungana, wakagoma kulipa, na baadhi yao walipata mikataba mipya.

Martin Luther King alikuja kupigania jambo hilo mwaka 1966. Siku moja ya Agosti, alipoandamana katika kartie ya weupe upande wa kusini-magharibi, alipigwa jiwe kichwani. Sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba ilitiwa sahihi tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya yeye kuuawa.

Sasa fanya hesabu. Kutoka 1968 mpaka siku nilipopanda ile treni ni miaka 54. Ramani nyekundu imekuwa kitu cha kuwekwa kwenye makumbusho. Lakini kwenye kituo cha Roosevelt watu bado wanashuka.

Mzee wa kwenye benchi

Nilirudi mpaka kituo cha 35th, nikashuka, nikatembea kwa miguu kuelekea barabara ya Martin Luther King, halafu kaskazini. Kule kuna sanamu ya shaba ya mtu mwenye sanduku la safari, mkono mmoja ameuinua. Iliwekwa mwaka 1996, kazi ya msanii Alison Saar, kwa kumbukumbu ya wale waliohama. Ukikaribia, unaona kwamba nguo zake zimetengenezwa kwa soli za viatu, viatu vilivyoisha kwa kutembea. Nilikumbuka mtu wetu wa chukudu pale rond-point. Miji miwili iliamua kumheshimu mtu aliyebeba mzigo.

Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi. Aliniuliza natoka Afrika upande gani. Nilimwambia, akasema hajui Goma lakini anajua kitu kimoja juu ya volkano, aliona kwenye televisheni. Tukacheka. Akanieleza kwamba bibi yake alikuja kutoka Mississippi kwa treni na watoto watatu, na baba yake alinunua nyumba kwa ule mkataba niliowaeleza. Alilipa miaka sita. Halafu akaumia kazini, akakosa malipo, na ndani ya wiki chache vitu vyao vilikuwa barabarani. Mzee alikuwa na miaka tisa siku ile. Alisema bado anakumbuka kiti cha mama yake kikinyeshewa mvua.

Aliniuliza: “Walikuambia usije huku, si ndiyo?” Nilikubali. Akatikisa kichwa tu, bila hasira, kama mtu aliyeulizia hali ya hewa.

Nisiwadanganye: kuna karties za Chicago zenye bunduki na vifo, na wakaaji wake njo wa kwanza kulia. Usitembee usiku fasi usiyoijua; hata Goma hufanyi hivyo. Lakini mstari wa kalamu kwenye ramani yangu haukutenganisha fasi salama na fasi ya hatari, barabara kwa barabara. Ulitenganisha watu.

Na sasa Goma

Kwenye treni ya kurudi nilikumbuka kitu nilichokuwa nimesahau, au nilichotaka kusahau. Mwaka wangu wa mwisho wa masomo, mwenzangu mmoja wa darasa alikuwa anatafuta chumba cha kukodi. Alipata kimoja kizuri, bei nafuu, maji karibu. Akaniomba ushauri. Nikamwambia: “Usikodi kule, ile ni kartie ya bale bengine.” Nilisema kwa upole kabisa. Sikusema neno baya juu ya mtu yeyote. Nilipiga mstari tu.

Sitataja kabila lake, wala la kartie ile, wala langu. Kila msomaji ataweka majina anayoyajua, na hilo njo tatizo letu lenyewe.

Goma imejengwa na watu waliofika. Wengine walikuja kwa biashara, wengine kwa masomo, wengine walikimbia vita ya Masisi, Rutshuru, Walikale. Volkano ya 2002 haikuuliza kabila. Ilichukua nyumba ya kila mtu iliyokuta njiani, na tulilala pamoja ng'ambo ya mpaka. Hatuna ramani ya rangi nne. Hakuna sheria inayosema fulani akae Himbi na fulani akae Mugunga. Lakini tunaanza kusikia: sisi tununue upande huu, wao wanunue upande ule. Kwenye vyuo vyetu tunajiunga kwanza na wa teritwari yetu, halafu tunasalimia wengine. Mtu akitoa jina, tunalipima kabla ya kumpima mtu.

Chicago ilinifundisha kwamba mchanganyiko hauji wenyewe kwa sababu watu ni wengi na wa aina nyingi. Mji unaweza kuwa na lugha zote za dunia, na kila lugha ikashuka kwenye kituo chake. Kinachochanganya watu au kuwatenga ni mambo ya kawaida kabisa: nani anamuuzia nani parseli, nani anamkodisha nani chumba, nani anamwambia mgeni usiende kule. Mistari ya Chicago ilisaidiwa na serikali na benki. Ya kwetu tunaichora kwa mdomo, bure, kila siku. Na kama ya kwao bado ilionekana kwenye treni miaka 54 baada ya sheria, ya kwetu itachukua miaka mingapi kufutika, sisi ambao hatujaanza hata kuifuta?

Nilimtafuta yule mwenzangu nilipofika nyumbani. Nilimwomba radhi. Alisema hakumbuki. Sijui kama ni kweli au alitaka kunipumzisha.

Kwa atakayepata nafasi ya kwenda

Panda mstari mwekundu wote, mchana, mwanzo mpaka mwisho, na angalia nani anashuka wapi. Nenda Pilsen, kartie iliyopewa jina la mji wa Wacheki na baadaye ikawa ya Wamexico. Makumbusho yao ya sanaa ya Mexico ni bure, na michoro ya ukutani inaanzia barabarani. Kwenye Field Museum utawakuta wale simba wawili wa Tsavo walioua wajenzi wa reli kule Kenya mwaka 1898. Ngozi zao ziliuzwa kwa makumbusho hayo mwaka 1924 kwa dola 5,000. Simama mbele yao, halafu waza wale wajenzi, Waafrika na Wahindi, ambao hakuna aliyewawekea kioo. Beba koti la maana, hata Oktoba. Kula kule watu wa fasi ile wanakula.

Na ukikutana na mtu wa kwetu dukani, msalimie kwa Swahili, ufurahi naye. Akikuambia ni Mkongomani, pokea hilo jibu jinsi lilivyo. Mimi nilifundishwa hivyo na mama mmoja wa Masisi, kwa bei ya andazi ambalo hata sikulilipa.